Swali la Daktari Kuhusu Mguu wa Grâce

Athanase: Haloo. Namba hii siitambui. Nani anayenipigia?

Yvette: Ni mie, Papa. Yvette. Simu yangu imeisha chaji, nimeazima ya Laurette, yule tunayefunga naye maboksi kiwandani. Papa, daktari alisema—

Athanase: Tumsifu Yesu Kristo.

Yvette: Milele, amina. Papa, niko na dakika kumi na tano za chakula tu, na unité za simu ya Laurette ni kidogo, donc—

Athanase: Ndiyo maana salamu huwa fupi. Hujambo?

Yvette: Sijambo. Shikamoo. Papa, Grâce atakatwa lini?

[Lori linapita. Mtandao unakwaruza.]

Athanase: Sikukusikia.

Yvette: Operesheni! Ngoja nitoke hapa getini, malori ya mtaa huu wa Jacobs hayaachi mtu aseme. Ngoja. … Haya. Wametoa tarehe gani?

Athanase: Nitakueleza kwa utaratibu. Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Tulipofika hospitali, mbele yetu walikuwapo watu thelathini na sita—

Yvette: Papa, usianze mwanzo.

Athanase: Mambo huanza mwanzo. Tuliitwa saa nne na robo. Daktari ni binti mdogo kwa umri, lakini ana adabu, alisimama kunisalimu. Alimvua mtoto soksi yeye mwenyewe. Akamwambia atembee, asimame kwa vidole, akae. Akaishika ile nundu iliyo kando ya dole gumba, akalisukuma dole polepole huku akimtazama usoni, aone kama anaumia.

Yvette: Alilia?

Athanase: Grâce halii mbele ya watu.

Yvette: Najua. Ndiyo inanisumbua.

Athanase: Kisha wakapiga picha ya mifupa, miguu yote miwili. Ni kama tulivyoona kwa macho. Mfupa ulio nyuma ya dole umejitenga kwenda nje, na dole lenyewe limemwegemea jirani yake. Halafu akatuonyesha kwenye picha mstari mwembamba mweusi, karibu na kifundo. Akasema hapo ndipo mfupa unapokulia, na bado pako wazi.

Yvette: Ndiyo, Papa. Na tarehe?

Athanase: Hakuna tarehe.

Yvette: Ni makaratasi? Walikataa permit yake ya ukimbizi? Nilikuwekea yote ndani ya ile bahasha ya kaki, na kopi—

Athanase: Makaratasi hayakuwa na kasoro. Hawatamkata, Yvette. Si sasa.

Yvette: Mpaka lini?

Athanase: Mpaka mifupa iwe imemaliza kukua. Miaka miwili, pengine mitatu. Ukiukata mfupa ungali unakua, dole laweza kurudi lilikokuwa, na mtoto akakatwa mara ya pili. Na hata hapo watamkata tu iwapo maumivu yamekataa kila njia nyingine. Hawakati kwa ajili ya sura ya mguu.

Yvette: Miezi minane tumengoja ile rendezvous ya daktari.

Athanase: Naam.

Yvette: Miezi minane! Mie nilimwambia ataanza sekondari Januari na mguu mzuri. Nilimwahidi, Papa.

Athanase: Hukupaswa kuahidi kitu kilicho mikononi mwa watu wengine.

Yvette: Bon. Asante. Asante sana kwa hiyo.

Athanase: Sikusema ili kukuumiza.

Yvette: Yuko wapi sasa?

Athanase: Ndani, kitandani kwake, nyuma ya pazia. Amegeukia ukuta. Mimi nimetoka hapa ngazini ili asisikie. Nilimpelekea chai. Imepoa.

Yvette: Na walimpa nini basi? Au walimwambia aende tu, kwaheri?

Athanase: Wametupa barua ya shule, ili aruhusiwe viatu vyenye nafasi mbele. Atapimwa soli za kuweka ndani, kwa sababu unyayo wake ni bapa; hiyo ni mwezi ujao. Kipo na kijipande cha mpira laini, hukaa kati ya dole na mwenziwe visisuguane. Hicho hakinyooshi kitu. Daktari alilisema neno hilo mara mbili. Akitoka kucheza, barafu ndani ya kitambaa. Nikamwuliza pia juu ya kile chombo cha kufungia mguu usiku ulichokiona katika simu.

Yvette: Akasema?

Athanase: Ukikifungua asubuhi, dole linarudi kwao.

Yvette: Eish.

Athanase: Alisema watoto wengi, vidole vikipata nafasi, maumivu hupungua. Wengi, alisema. Hakusema wote.

Yvette: Na hivyo viatu vya nafasi viko wapi? Nimezunguka mjini kote, Papa. Vyeusi vya shule vya wasichana vyote viko vyembamba mbele. Vyote!

Athanase: Alisema tununue vya wavulana.

Yvette: Vya nani?

Athanase: Vya wavulana. Vya kamba. Huwa vipana zaidi. Hapo ndipo mtoto alipoinama. Wajua kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Daktari anasema kwa Kiingereza, Grâce ananigeuzia kwa Kiswahili, mimi nanena, yeye anarudisha. Hakuruka neno. “Babu, daktari anasema nivae viatu vya maboyi.” Sauti haikutikisika hata kidogo.

Yvette: Ee Mungu. Wale wenzake wa netiboli tayari wanamwita Bata.

Athanase: Najua wanavyomwita.

Yvette: Unajua? Mie nilijua kwa mwalimu wake. Wewe nani alikuambia?

Athanase: Yeye mwenyewe.

[Mtu anacheka mbali, upande wa Yvette.]

Yvette: Sawa. Hospitali imekataa, basi tunafanya ile ingine. Leo saa kumi na moja jioni Salvator anakuja hapo. Umfungulie.

Athanase: Salvator yupi?

Yvette: Wa kwaya, Papa, yule wa sauti ya chini. Babu yake alikuwa anaunga mifupa kule Fizi, na yeye alifundishwa. Anavuta dole, anapaka mafuta ya moto, anafunga na ubao wiki sita. Alishanyoosha mkono wa mtoto wa Clementina, mpaka leo anabeba nao ndoo.

Athanase: Mkono uliokuwa umevunjika. Mguu wa Grâce haukuvunjika. Atauunga nini?

Yvette: Anajua kazi yake.

Athanase: Kazi yake ni kuuza chaja za simu.

Yvette: Papa, tafadhali—

Athanase: Sitamfungulia. Katika nyumba ninamolala mimi, hakuna atakayevuta mfupa wa mtoto.

Yvette: Nyumba ninalipa mie, Papa!

[Lori linapita.]

Yvette: Pardon. Pardon, Papa. Sikutaka kusema hivyo.

Athanase: Endelea.

Yvette: Mie ndiye mama. Na ni mie niliharibu ile mguu. Kwa hiyo ni mie nitaitengeneza.

Athanase: Nani amesema kwamba wewe—

Yvette: Wewe! Wewe ulisema! Pasaka ya mwaka jana, pale ukumbini, watu wote wa jumuiya wamekaa na sahani zao. Nilimvua kiatu kwa sababu alikuwa anachechemea, na wewe ukasimama. “Mtoto huyu amelemazwa na majivuno ya mama yake.” Neno kwa neno. Naweza kulisema kama Baba Yetu.

Athanase: Nakumbuka.

Yvette: Sababu ya vile viatu vyeupe vya kwaya ya watoto, vile vya ncha. Tuliagiza pamoja, wote wafanane. Namba yake ilikuwa imekwisha, nikachukua ile iliyobaki. Iko kweli, Papa, sikatai! Ilikuwa ndogo. Nilisema itafunguka. Akavaa kila dimanche kanisani miezi tisa, hakusema kitu, maana wenzake wote walikuwa wamevaa. Nikavitupa, nikatoka kwenye kwaya. Tangu siku ile sijaimba, ulishajiuliza kwa nini?

Athanase: Nilidhani ni uchovu wa kazi.

Yvette: Uchovu! Na hakuna hata mtu mmoja alikujibu pale, maana wewe ni Mwalimu, na Mwalimu akisema, imekwisha.

Athanase: Yvette. Salvator asiuguse mguu huo.

Yvette: Basi nipe sababu. Moja. Usinipe amri, nipe sababu. Maana kukaa miaka mitatu naangalia tu, kila asubuhi anaingiza mguu kwenye kiatu na anauma midomo, siwezi. Nitakufa. Afadhali nifanye kitu kibaya kuliko nisifanye kitu.

[Mtandao unakwaruza.]

Yvette: Papa? Umesikia?

Athanase: Nimesikia. Kuna swali moja la daktari ambalo sijakueleza.

Yvette: Swali gani?

Athanase: Aliuliza kama katika ukoo wetu yupo mwenye miguu ya namna hii.

Yvette: Hakuna. Yangu iko sawa, ya baba yake pia ilikuwa sawa. Si ulimwambia hakuna?

Athanase: Nilimwambia hakuna.

Yvette: Sasa?

Athanase: Grâce alinigeuzia swali hilo vizuri kabisa. “Babu, anauliza kama iko mtu wa kwetu mwenye miguu kama yangu.” Nikasema, “Mwambie hakuna.” Akavitazama viatu vyangu. Kisha akamgeukia daktari, akamwambia hakuna.

Yvette: Kwa nini aliangalia viatu vyako?

[Kimya.]

Yvette: Papa, uko?

Athanase: Nipo.

Yvette: Kwa nini mtoto aliangalia—

Athanase: Mwezi wa saba, nilipokuwa na ile homa, wewe ukiwa kazini, yeye ndiye aliyenivua soksi. Alinikanda miguu kwa kitambaa cha maji. Aliiona. Nikamwomba asikuambie. Hakukuambia.

Yvette: Ngoja. Ngoja kwanza. Miguu yote miwili?

Athanase: Wa kulia umezidi.

Yvette: Mie nilikuwa nasugua viatu vyako. Kila Jumamosi, Papa, pale uani, mie na rangi na brashi. Kile cha kulia ngozi ilikuwa imevimba upande mmoja, brashi inaruka pale. Nilikuwa nafikiri fundi alishona vibaya.

Athanase: Fundi alishona vizuri.

Yvette: Umri wangu wote sijawahi kukuona bila soksi. Hata kule kambini, tukiwa kwenye hema moja.

Athanase: Nilijitahidi.

Yvette: Basi iko vilevile. Ni viatu vya misheni vilikuharibu wewe, kama vile mie nimemharibu—

Athanase: Hapana. Sikiliza. Mama yangu alikuwa nayo vivyo hivyo. Miguu yote miwili. Na mama yangu hakuvaa kiatu hata siku moja, hadi tulipomzika.

[Honi, mbali.]

Yvette: Rudia.

Athanase: Hakuvaa kiatu hata siku moja.

Yvette: Kwa hiyo iko ya damu.

Athanase: Daktari alisema kiatu cha kubana huzidisha; hakianzishi. Mtu huzaliwa na mguu unaoelekea huko. Mtoto alinigeuzia maneno hayo pia, nikiwa nimekaa pale, mikono magotini.

Yvette: Na wewe ulijua. Kabla ya daktari. Pale Pasaka umesimama, kidole juu, ulikuwa unajua.

Athanase: Nilijua.

Yvette: Kwa nini, Papa?

Athanase: Ulipomvua kiatu mbele ya watu, niliuona mguu wangu. Nikasema neno la kwanza lililoweza kuufunika.

[Yvette anapumua kwa nguvu. Sauti ya mtu: “Yvette, vipi?”]

Yvette: Sijambo, Laurette. Dakika mbili. … Mwaka mmoja na nusu, Papa.

Athanase: Ndiyo.

Yvette: Mwaka mmoja na nusu nimekula nayo, nimelala nayo!

Athanase: Ndiyo. Ulitaka sababu kuhusu Salvator. Nitakupa, kisha uniambie utakalo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Askofu alikuwa anakuja, na mapadri hawakutaka watumishi wa altare waende peku. Viatu vilitoka Ulaya katika marobota, vyembamba vyote. Mguu wangu haukuingia. Padri mkuu akaniangalia miguu, akasema mguu kama huu ni wa mtu wa porini. Mjomba wangu akasikia aibu kwa niaba yangu. Akanifunga. Vijiti viwili vya mwanzi, na vitambaa. Siku arobaini.

Yvette: Ikanyooka?

Athanase: Siku ya sita dole liligeuka rangi. Nililia; akakaza. Siku ya arobaini alipofungua, lilikuwa limenyooka. Askofu alikuja, nikabeba mshumaa, nimevaa viatu. Baada ya wiki mbili likarudi lilikotoka. Na tangu hapo halikunji. Watu husema Mwalimu hutembea kwa heshima. Ni dole ambalo halikunji.

Yvette: “Mwendo wa Mwalimu.”

Athanase: Mlikuwa mkiuiga, wewe na nduguzo, nyuma yangu, njiani kwenda misa.

Yvette: Ulikuwa unatuona?

Athanase: Kila Dominika. Wewe uliuweza kuliko wote.

[Yvette anacheka, halafu hacheki.]

Yvette: Ungeweza kusema. Siku yoyote. Tukiwa wawili tu, jikoni, ungesema tu, “Yvette, si wewe.” Basi. Maneno matatu.

Athanase: Leo nilipata nafasi ya kusema, mbele ya daktari, nikaikataa. Nimefundisha katekisimu miaka thelathini na minne, mwanangu. Nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo. Nami nimedanganya kwa kinywa cha mtoto. Tulipokuwa tunashuka ngazi za hospitali aliniambia, “Babu, nimesema vile ulisema.” Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananijulisha kwamba amefanya kazi yake.

Yvette: Na mie sasa unataka nikusamehe kwa simu ya mtu? Hapa kwenye ukuta wa kiwanda?

Athanase: Sikuomba hilo.

Yvette: Najua hukuomba! Hujawahi kuomba!

[Mtandao unakwaruza. King'ora kinalia upande wa Yvette, kinanyamaza.]

Yvette: Kengele ya kwanza hiyo. Laurette ananipungia mkono.

Athanase: Salvator?

Yvette: Nitampigia. Asije.

Athanase: Umpigie kabla hujaingia. Akifika hapa na mafuta yake, nitalazimika kumkosea adabu.

Yvette: Nimesema asije, Papa. Kwisha. Na wewe, kwa daktari utarudi umwambie?

Athanase: Mwezi ujao, siku ya kupima soli. Nitamwomba Dulla wa duka la simu anifundishe kwa Kiingereza sentensi ninazohitaji, ili nisipitie kwa mtoto tena.

Yvette: Na itabadilisha nini?

Athanase: Mguuni? Hakuna.

Yvette: Basi hakuna mtu wa kumkasirikia. Nilikuwapo mie. Sasa hata mie sipo. Iko mguu tu.

Athanase: Upo mguu, na zipo siku za kungoja.

Yvette: Na viatu vya maboyi.

Athanase: Kesho nitakwenda naye mjini kuvinunua. Nitaingia naye dukani, nitakaa karibu naye akivijaribu.

Yvette: Atakataa.

Athanase: Inawezekana.

Yvette: Mie jioni nikifika nimwambie nini? Aliniuliza jana, Mama, wakinikata nitaamka mguu umefungwa na bendeji nyeupe? Alikuwa anaitamani ile bendeji, Papa. Ili watu waone ni kitu cha hospitali. Nimwambie nini?

Athanase: Sijui.

Yvette: Wewe unajua kila kitu.

Athanase: Hili sijui. Na yeye ana swali lake. Aliniuliza ndani ya teksi, tukirudi, kwa sauti ndogo, watu wasisikie.

Yvette: Swali gani tena?

Athanase: Aliuliza mguu wangu uliacha kuuma nikiwa na miaka mingapi.

[King'ora cha pili.]

Yvette: Ulimjibu nini?

Athanase: Nilimwambia dereva atushushe kwenye roboti, pale penye taa za barabarani.

Yvette: Si ndipo mnaposhukia siku zote. Mtoto ulimjibu nini?

Athanase: Tulishuka.

[Mlio mfupi ndani ya simu: salio linakaribia kwisha.]

Yvette: Papa. Uliacha lini?

Athanase: Unité za mwenzako zinakwisha. Mshukuru kwa niaba yangu.

Yvette: Papa, nijibu tu hiyo moja, mguu wako uliacha kuuma li—

Athanase: Mwambie namshukuru sana. Wahi kazini, mwanangu. Kwa heri. Kwa heri.